Kwa Baba Lucius Tarver, Aliyekataa Kuinuka Kitini

Ni mwaka mmoja Ijumaa hii, Baba, tangu ulipoanguka katika saluni yako hapa Macon, mashine bado ikinguruma mkononi, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Kiharusi. Kipimo cha presha kilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka ulipolala.

Hakuna aliyeketi mbele ya kioo chako bila kupimwa kwanza. "Kaka, hii ni presha au namba ya simu?" ulimtania shemasi, kisha ukamtuma kwa daktari kabla hujamgusa kichwa. Mkono wako mwenyewe hukuupima. Mama alipokuuliza, ulimjibu, "Kesho, Vernell. Leo foleni ni ndefu." Hilo bado hatujakusamehe.

Kipimo ulikinunua wiki uliyotoka kumzika Lorraine, binti wa shangazi Odessa, aliyemwacha mtoto wa siku sita. Alikuwa amelalamika kichwa, hospitalini akaambiwa akapumzike tu. Ulikiweka mezani ukamwambia dada yangu Renita, "Mama'ngu, wewe hawatakupuuza. Labda wanikanyage mimi kwanza."

Miaka mitatu iliyopita, siku ya nne baada ya Amaya kuzaliwa, Renita alisema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli. Ulimpima, ukachukua kofia na funguo. Hospitalini nesi alisema ni uchovu tu wa mama mpya, arudi nyumbani akalale. Ukavuta kiti kando ya kitanda, ukaketi, viganja juu ya magoti.

"Sista, ni mia na sabini na nane kwa mia na kumi na mbili. Nimepima mara tatu."

"Mzee, wewe si daktari."

"Kweli kabisa, mama. Ndiyo maana naomba uniitie mmoja."

Mimi nikaanza kufoka. Hukugeuka hata kunitazama. "Cedric, toka. Kalinde gari."

Nilitoka nikikuona mwoga. Lakini hukuinuka kwenye kile kiti kwa saa mbili, ukirudia namba zilezile kwa sauti ileile, mpaka daktari akaja. Alimtazama Renita mara moja akakimbilia dawa. Baadaye alisema kwamba tungesubiri hadi asubuhi, tungekuwa tumechelewa.

Ndani ya gari ulishika usukani kwa mikono miwili bila kuwasha injini. "Nikipaza sauti, wataita walinzi," uliniambia. "Walinzi wakinitoa, mwanangu anabaki humo peke yake. Unadhani sikuwa na hasira? Niliikalia."

Baba, Renita ana mimba tena. Miguu imeanza kuvimba. Jumanne analazwa ajifungue, na mumewe Terrance yuko jeshini ng'ambo. Juzi presha ilikuwa mia na thelathini. Jana mia na thelathini na nane.

"Rudia," Renita aliniambia. Nikarudia. Ilikuwa ileile.

Akavua kitambaa cha kipimo polepole. "Utakaa kwenye kiti cha Baba?"

"Nitakaa."

"Utakaa, au utahutubia? Maana wakikutoa nje, kaka, nani atanisemea?"

Naogopa, Baba. Naogopa zile namba, na naogopa nesi atakayemwona dada yangu kuwa mlalamishi tu. Lakini zaidi ya yote naogopa mdomo wangu. Ulikuwa ukinicheka, "Mshairi, beti zako hazishushi presha ya mtu." Ni kweli. Hazishushi.

Kwa hiyo Mama ananifundisha. Kila jioni ananiketisha jikoni, anavaa miwani yake, anakuwa nesi. "Kijana, wewe si daktari!" Siku ya kwanza nilisimama nikagonga meza, naye akaniambia, "Umeshatolewa nje. Dada yako yuko peke yake." Kisha akalia. Jana alinitukana robo saa nzima, nami nikasema namba tu.

Unakumbukwa na mkeo Vernell, ambaye bado anatenga sahani yako. Dada yako Odessa. Binti yako Renita na Terrance. Mjukuu wako Amaya, anayewapima presha wanasesere wake. Na huyo mdogo ambaye bado hajafika.

Nami mwanao Cedric. Hatutakusahau kamwe, Baba. Jumanne saa moja asubuhi nitavaa kofia yako, nitavuta kiti kando ya kitanda, nitaweka viganja juu ya magoti. Sitainuka.