Mstari wa Stanislaus

Jumapili, 1 Februari 1976
Leo baada ya misa tumepiga kura. Hakuna karatasi. Katibu Kata kasema kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka awe mwenyekiti wa kijiji. Mimi upande wa kisima, Stanislaus upande wa ghala.

Mimi ndiye mwenyekiti tangu watu walipohamishiwa hapa kutoka milimani, vitanda vichwani. Viwanja niliwagawia mimi. Nilitazama mbele kama tulivyoagizwa, nikasikia miguu inapita — inapita tu. Kugeuka, nyuma yangu wazee wachache na shemeji yangu mlevi. Mstari wa Stanislaus umefika barabarani. Winifrida yumo. Mke wangu! Wala hakujificha.

Jumatatu, 2 Februari
Nimemwuliza. Alikuwa anachambua maharage.
“Ulitaka nikudanganye mbele ya watu?” akasema. Kisha: “Sijakuacha, Leonidasi. Nimechagua mwenyekiti tu.”
Mwenyekiti tu. Sikula.

Alhamisi, 5 Februari
Nimemwona Stanislaus akitoka shamba. Mtoto kambeba mgongoni kwa kanga, jembe begani. Mkewe Immakulata, mwenye mimba, katangulia mikono mitupu. Mwanamume na kanga mgongoni! Ningefanya mimi wangenicheka mpaka Munanila. Yeye wanamsalimia. Mama yake kipofu humwogesha mwenyewe, na hilo nalo wanalisifu.

“Bwakeye, mkubwa wangu,” kanisalimu kwa Kiha. Ndivyo anavyoniita tangu utoto. Ni heshima, najua. Inanikera.

Winifrida alikuwa mlangoni, anatazama. Damu ikanichemka. Halafu nikafuata macho yake. Hakuwa anamtazama Stanislaus. Alikuwa anamtazama Immakulata, anavyotembea bila mzigo.
Afadhali angemtazama mwanamume. Ningejua pa kupigana.

Jumatano, 11 Februari
Nimekwenda kuchota maji mwenyewe. Winifrida kaweka mkono kwenye paji la uso wangu, kauliza kama nina homa.

Jumapili, 15 Februari
Mkutano. Stanislaus kasimama, kasema kamati ya kujenga shule iongozwe na mimi. Eti yeye hajui kusema na wakubwa wa wilaya, mimi najua. Watu wakapiga makofi. Walimpigia yeye, kwa wema wake. Mimi nilikaa kama mtu aliyepewa nguo kuukuu.

Jumatano, 18 Februari
Landrova kutoka Kasulu. Bwana Khatibu, ofisa wa wilaya. Wanawakagua uraia wenyeviti wote wa vijiji vya mpakani. Kakaa barazani kwangu, kanywa uji.
“Wengine hapa walitoka milima mbalimbali,” akasema. “Wewe na Stanislaus mlitoka mlima mmoja. Alizaliwa wapi?”

Najua. Alikuja kutoka ng'ambo, Burundi, kabla ya uhuru, mtoto mdogo anamwongoza mama yake kwa fimbo. Baba yangu aliwalaza jikoni kwetu. Mkeka mmoja, mimi na yeye. Baba akatangaza mlima mzima kwamba huyu ni mwana wa nyumba hii. Na mimi sikupenda. Hata siku ile sikupenda.

Nikasema mzee aliyekuwa anajua habari hizo amekufa.
“Sijamwuliza mzee,” kasema Bwana Khatibu. “Ijumaa nitapita tena.”

Ijumaa, 20 Februari
Kapita. Stanislaus kaitwa, kaja na matope miguuni. Nikasema, “Mwulizeni mwenyewe.”

Nilidhani atakana. Hakukana. “Nilizaliwa ng'ambo,” akasema. “Nimekulia hapa tangu enzi za Mwingereza. Huyu mkubwa wangu anajua.”
Bwana Khatibu kanigeukia. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno, yalikuwa mdomoni kabisa. Nikakohoa. Nikatazama chini.
“Basi tutayazungumza Kasulu,” kasema Bwana Khatibu. Wakampandisha Landrova. Alimwomba dereva angoje, akamfunga vizuri mama yake, aliyekuwa kamfuata, kanga kichwani, ndipo akapanda. Hata hapo!

Katibu Kata kasema nishike kiti mpaka jambo liamuliwe. Jirani mmoja kaniita mwenyekiti. Nikaitika.

Winifrida kapeleka chakula kwa Immakulata. Karudi, kalala kanipa mgongo.

Jumamosi, 21 Februari
Asubuhi Mama Theodosia, mama yake Stanislaus, kaletwa na Winifrida mpaka hapa nilipoketi. Kanipapasa uso kama zamani, kanijua.
“Mwanangu,” akasema, “huko Kasulu wanataka mtu wa kusema tulikuja lini. Mimi wataniambia ni mama, lazima niseme. Nani mwingine anajua tulivyolala jikoni kwenu?”
“Sina hakika watanisikiliza,” nikasema.
“Wewe watakusikiliza. Lori la ushirika linakwenda Kasulu leo.”

Hakuna lawama hata moja. Hajui kwamba jana nilikohoa? Au anajua.

Nikawaambia wanisubiri nivae shati. Nimevaa. Badala ya kutoka nimekaa kuandika haya. Nikinyamaza, kiti ni changu. Nikisema, anarudi, watapanga mstari tena mpaka barabarani, na mimi ndiye nitakuwa nimemrudisha. Kijiji kizima kimesimama huko nje kwa ajili yake. Ningechukuliwa mimi, nani angepanda lori?

Winifrida kambeba mtoto wa Immakulata mgongoni, kamshika bibi mkono, wanateremka barabarani. Hageuki kutazama kama nakuja.

Lori la ushirika limesimama. Dereva anapiga honi. Nasikia sauti ya Winifrida — anamwambia asiondoke, kuna mtu mmoja bado.