Matawi ya Yasini

Arua, Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Arua. Ndiyo, Arua, usishtuke. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na mihogo je, au mbuzi wa jirani wameionja tena? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Zaituni, dada yangu, wewe unayemsomea mama, funga mlango kwanza, usome polepole, na usiruke neno hata likiuma.

Niko hapa tangu juzi. Kutoka hotelini hadi kwetu Lobule hata robo tangi ya mafuta haiishi, lakini nilikatazwa kuja. Ubalozi ninaofanyia kazi Kampala umetoa amri: kwa hofu ya ugaidi, hakuna mtu wake, mgeni wala mwenyeji, kuvuka mji wa Arua. Hata Aroi hapo jirani, hapana. Na amri hiyo, mama, chanzo chake ni mimi na wewe.

Unakumbuka mwezi uliopita nilikupigia simu kwamba nakuja na Madam, yule mwanadiplomasia ninayemwendesha, kutazama wodi ya wazazi ya hapo Lobule iliyobaki bila paa. Ukaniuliza, "Na mara hii utasimama kwa kaka yako?" Nikacheka, nikasema gari la ubalozi halisimami ovyo. Nilicheka kwa aibu. Kwetu hata mgeni mwenye haraka husimama akaweka tawi mahali damu ilipomwagika. Mimi mara tatu nilipita pale waasi walipomshusha kaka Yasini kwenye pikapu, siku ile nikiwa na miaka kumi, nimekaa karibu yake. Kaburi hana, kiatu kimoja tu ndicho tulichokipata. Na mara zote tatu nilipita vioo vimefungwa.

Siku ile tulipoacha lami tukashika njia ya vumbi, kwenye kona nikayaona. Matawi mabichi, si kando kama siku zote, yametandazwa njia nzima. Nilijua papo hapo ni mkono wako, umenizibia njia ili nisimame. Lakini afisa usalama aliyekaa pembeni yangu aliona kizuizi. Asubuhi hiyohiyo walikuwa wameletewa onyo la magaidi. Akapiga kelele, "Geuza! Geuza!"

Nikageuza. Nisikudanganye kwamba nilitii tu. Kwa dakika ile nilirudi kuwa mtoto ndani ya pikapu, nikawaona watu nyasini wakiwa na bunduki. Ndipo nikatazama kioo, nikakuona wewe. Umeinuka kutoka nyasini, kitenge chako cha kijani, mkono juu.

"Umemwona yule mtu? Ni nani?" afisa akaniuliza.

Nikasema, "Simjui."

Wakaandika hivyo kwenye ripoti: njia imezibwa, kuna mtu amejificha. Baada ya siku chache ndipo amri ikatoka. Ukanipigia simu, sikupokea. Tangu hapo kila nikitazama kioo cha gari naona mkono umeinuliwa. Mara ni wako, mara ni wa Yasini. Afadhali angenitukana.

Jana mkunga wa Lobule alipanda bodaboda akaja mwenyewe hapa Arua, na picha za wodi kwenye simu. Madam alizitazama kwa huruma, akaeleza kwamba fedha za paa haziwezi kutoka mpaka mtu wa ubalozi aone kwa macho yake, na macho hayo hayaruhusiwi kufika. Mkunga akanigeukia mimi.

"Dereva, wewe si mutoto ya huko? Mambia yeye. Magaidi hakuna. Huko iko wamama tu, nazalia chini ya turubai. Mvua nakuja, turubai napasuka. Mutu gani nataka kupiga bomu hiyo?"

Nilitafsiri yote, ila langu nikalimeza. Kisha akaniambia polepole, "Dada yako Zaituni tumbo yake nafika. Mwezi ujao atakuja kwa ile turubai."

Mama, nilikuwa nimejidanganya kwamba nanyamaza ili kukulinda wewe, wasije kukuhoji. Uongo mtupu. Nililinda kazi yangu.

Leo asubuhi, Madam akiwa bado na chai mezani, nilimwendea nikasema: yule mtu wa nyasini ni mama yangu, na matawi yale ni ya kaka yangu. Akauliza, "Kwa nini ulisema humjui?" Afisa usalama aliyekaa naye akanyoosha kiganja, nikampa funguo za gari. Madam atawaandikia wakubwa wake, lakini kuhusu paa hakuahidi kitu. Kazi nahesabu imekwenda.

Jumatatu nitaandika maelezo yangu. Wakija watu kukuuliza, usiogope wala usifiche. Waambie jina la Yasini, waonyeshe kile kiatu.

Barua hii anakuletea mkunga, mpe chakula, ametoka mbali kwa ajili yetu. Nisalimie mjomba wangu muuza kahawa pale sokoni Koboko, na shangazi aliyenifundisha kusali. Shemeji yangu fundi baiskeli mwambie aache kuzurura mpakani mpaka Zaituni ajifungue. Na wewe Zaituni, nisamehe, maana gharama ya neno langu moja umeibeba wewe tumboni.

Mama, sina tena gari la ubalozi, kwa hiyo amri yao hainihusu. Jumanne nakuja na boda. Tandaza matawi njia nzima, kama siku ile, nawe ukae palepale nyasini. Nitasimama.

Ni mimi mwanao niliyesema sikujui,
Rajabu