Mtani Amenifunga Mnyororo

Jumatatu, 4 Mei

Mkuyuni alfajiri, matope mpaka vifundoni. Masika mwaka huu haitaki kwisha. Nimepakia ndizi na viungo, kirikuu changu, kile kipikapu kidogo, kikakohoa, kikawaka. Mjini nikapaki mbele ya supamaketi, palepale ninapopaki kila nikileta mzigo.

Maganga alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Tangu apewe usimamizi wa ile paking amenenepa shingo. "Mluguru, umeshuka? Ule mguu uliofupika kwa kupanda milima haukuumi?" Nikamuuliza tangu lini mpagazi akakalia kiti, ainuke abebe ndizi. Akainuka, akabeba. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Matombo. Watani toka enzi za mababu. Tunatukanana tangu anakata tiketi stendi ya Msamvu na hatujawahi kununiana.

Wameweka bango jipya. Gari lisizidi saa moja. Likizidi, tairi linafungwa mnyororo na mwenye gari anatozwa. Vizuri. Wapo wanaoacha magari yao pale kutwa nzima wakaenda zao benki. Mimi halinihusu, naleta mzigo wao wenyewe.

Alhamisi, 7 Mei

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mpokea mizigo hakuwepo. Mara anakuja, mara yuko kikaoni. Nimesimama mlango wa nyuma na ndizi zangu kama niliyekuja kuomba. Waliponipokea, narudi kwenye gari nakuta chuma cha njano kimeng'ata tairi la mbele, kufuli juu yake.

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka nikashika kiuno. Nilijua ni Maganga na utani wake. Mwaka jana alinifichia tairi la akiba, hakulitoa mpaka nilipolikomboa kwa mkungu wa ndizi mzuzu. Nikakifunika kile chuma na kanga yangu, nikamwambia akimaliza kucheza afungue. Nikaenda zangu sokoni. Nikanunua dagaa, nikanywa na chai, nikapiga soga.

Narudi, brekidauni inakivuta kirikuu. Kanga yangu inaburutwa chini.

Maganga hakunitazama usoni. "Kazini hakuna utani, mama." Basi. Mama! Huyu mtu hajawahi kuniita mama. Ni heri angenizaba kofi.

Gari liko yadi. Kuna faini ya kuzidisha muda, kuna ya kuvutwa, na ya kulala pale inapanda kila kukicha.

Ijumaa, 8 Mei

Silipi.

Jumapili, 10 Mei

Nimepanda Mkuyuni kwa gari la abiria kuwaeleza wakulima wangu. Ndizi zimekatwa, zimerundikwa chini ya majani, zinaiva. Hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kuna mfanyabiashara wa Dar amekuja na Fuso, anataka mzigo wote. Wamekubali kunisubiri mpaka Jumatatu ya tarehe 18. Nisipofika na gari, wanamuuzia yeye, na akishaingia hatoki tena.

Njia hii nimeifungua mimi. Watu wananijua nyumba kwa nyumba, mpaka majina ya wajukuu nayajua. Niipoteze kwa sababu mtu mmoja alikuwa kikaoni?

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda kwa meneja wa supamaketi. Kijana, tai shingoni, kiyoyozi kinampuliza. Anasema mambo ya paking si yake, nikamwone Maganga. Maganga anasema sheria si yake, nikamwone meneja. Nimepigwa danadana asubuhi nzima. Nikawauliza, sasa aliyefunga ni jini?

Baba Asha ananiambia nilipe yaishe. Mume wangu huyu tangu astaafu kiwandani kule Mzinga hajagombana hata na kuku. Nimemwambia nikilipa leo nitalipa kila wiki, maana mpokea mizigo hatabadilika. Baadaye kaniletea chai bila kuombwa, kwa hiyo najua amenielewa.

Ila usingizi sina. Kinachonisumbua si ile faini. Ni lile neno mama.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekodi bodaboda mbili zilete ndizi kutoka Mkuyuni. Nusu zimefika uji.

Magharibi simu imeita. Mama yake Maganga amefariki. Kesho kabla ya swala ya Ijumaa anatolewa nyumbani Kihonda.

Inna lillahi. Nimekaa chini. Yule bibi nilimpenda. Kila nikimpelekea ndizi alikuwa ananitania, "Mtumwa wangu amechelewa, apigwe." Halafu ananishika mkono hauachii.

Wanawake wenzangu wa Kiluguru wamepiga simu mmoja baada ya mwingine. Nani anaongoza watani? Wote wanajua ni mimi. Msiba wa Mnyamwezi mji huu bila Waluguru kuja kuvuruga, huo umepooza. Baba Asha ananitazama tu pembeni ya jicho.

Nitakwenda. Bibi hakunifunga mnyororo.

Ijumaa, 15 Mei

Niandike taratibu, nisisahau hata kimoja.

Tumefika asubuhi. Kwanza nimeingia ndani kwa adabu, nimewapa pole wafiwa, nimelia. Nimelia kwelikweli. Kisha nikajipaka majivu usoni, nikavaa gauni la marehemu nje ndani, nikashika mkongojo wake, nikatoka uani nikitembea kama yeye. Nikaanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti yake, mbona chai haina sukari, nani kawafundisha kupika, mnanizika njaa? Binti zake walicheka huku machozi yanatiririka. Maganga alikuwa ameinamia ukuta. Hakugeuka.

Jeneza likapakiwa kwenye pikapu kwenda msikitini. Hapo ndipo desturi inapotupa nafasi, maana mwili hautoki mpaka watani waridhike. Wengine hulala mbele ya gari. Mimi nilikuja na kamba ya mgomba. Nikaizungusha kwenye tairi la mbele, nikapiga fundo, nikakaa chini na kuliegemea. Nilijiuliza kama ni haki. Halafu nikamsikia bibi kabisa akisema kaza, mtumwa wewe, hiyo itafunguka.

Nikakaza. Nikapaza sauti: "Gari hili limepaki kwenye ardhi ya Waluguru. Muda umezidi! Limefungwa!"

Kikalipuka kicheko ambacho nadhani kimesikika mpaka milimani. Wazee wameshika mbavu. Shehe mwenyewe amejifunika mdomo na kanzu. Pembeni nikamwona yule meneja wa supamaketi, kaja na kofia ya kuazima, anatafuta pa kujificha. Nusu ya waliokuwepo pale wamewahi kufungwa tairi. Wakaanza kupiga kelele, "Toza! Toza!"

Maganga akaja. Macho mekundu. Akatoa noti mfukoni. Nikamwambia noti zake apeleke yadi. Akaongeza. Nikapiga miayo. Watani wenzangu wakaimba kwamba mpagazi ana mzigo mkubwa leo na hajui kuutua.

"Unataka nini, Mluguru?"

Mluguru! Kaniita Mluguru. Moyo ulipiga teke. Lakini uso sikuulegeza. Nikasema nataka gari langu, bila hata senti moja. Na nataka aletaye mzigo asihesabiwe muda mpaka mzigo wake upokelewe. Tena nataka huyo mwenye tai aseme mwenyewe, hapa, mbele ya marehemu.

Umati ukampisha njia meneja bila yeye kuomba. Jasho linamtoka, akajaribu kusema atalifikisha kwa wakubwa. Mzee mmoja akamuuliza kama anataka maiti ichelewe swala kwa ajili ya wakubwa. Akasema basi, kuanzia kesho. Tukamwambia hatujasikia. Akalisema tena kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu kaisikia.

Maganga akachomoa ufunguo wa yadi kwenye kishada chake, akapiga magoti kama desturi inavyotaka, akaniwekea kiganjani. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikafungua kamba. Nikasimama, nikamfuta majivu yangu yaliyomrukia shavuni, nikamwambia nendeni mkamsitiri mama yetu.

Wanaume wakaondoka na jeneza. Sisi tukabaki kupika. Nimeshinda! Naandika kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Jumamosi, 16 Mei

Kirikuu kimetoka yadi. Kinanuka panya, kina vumbi, kizuri kuliko gari la rais. Nimepita nacho taratibu katikati ya mji, honi mkononi, Baba Asha pembeni yangu anaona aibu na kufurahi. Kapiga honi mara moja na yeye.

Meneja alikuwa nje na fundi, wanaongeza mstari kwenye bango. Waletao mizigo hawahesabiwi mpaka wapokelewe. Mama mmoja muuza mchicha, simjui hata jina, kaja kunikumbatia. Mpokea mizigo leo kanipokea kabla sijazima injini!

Jumatatu, 18 Mei

Mkuyuni. Wakulima walikuwa wamekaa barabarani wananisubiri. Habari ilishapanda mlima kabla yangu, tena imeongezewa chumvi. Eti nililala ndani ya jeneza! Nimekanusha, hawataki kusikia. Mwenye Fuso kaondoka na gari tupu. Nimepakia mpaka bodi imekaa kwenye matairi.

Jumanne, 19 Mei

Mvua ndogo asubuhi. Nimempeleka Maganga Msamvu, anakwenda Tabora kuwaona ndugu na kugawana nao nguo za mama yake. Amekonda. Mfuko wa nguo kaupakata mapajani, hakutaka uwekwe nyuma.

Karibu na stendi akaniambia kwamba siku ile ya brekidauni bosi wake, mwenye kandarasi ya paking, alikuwa anamtazama toka dirishani, na wiki hiyo alikwishaonywa mara mbili kwamba anapendelea. Alitaka kunipigia jioni, akaona haya. Nikamwambia angepiga tu, ningemtukana, yakaisha. Akatikisa kichwa. Akasema mama yake alipopata habari alikataa chakula cha mwanawe siku nzima.

Hilo sikulijua.

Nimemsindikiza mpaka mlango wa basi. Nimempa ndizi za njiani. Akazipokea, akazigeuzageuza, akaniambia ndizi zenyewe zimejikunja kama miguu yangu, na nirudi polepole, kirikuu si mbuzi wa mlimani.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo zuri sana. Lakini nikampungia mkono tu. Kurudi nyumbani nimeendesha gia ya pili bila kujua, nikajikuta Kihonda, mlangoni kwa bibi.