Papa, Kigoda Kiko kwa Shangazi

Papa,

Kigoda cha Babu hakijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula.

Jumamosi nilikaa kwenye kochi lako hapa Louisville, nikaweka filamu yako ya vita, ile ya zamani isiyo na rangi, ya watu wa reli wanaowazuia wanajeshi wasiondoke na michoro ya nchi yao. Niliitazama peke yangu. Hakukuwa na wa kumgombeza yule ofisa anayeiba michoro. Wewe ulikuwa unamnyooshea kijiko: "Huyo anayesema anaipenda, huyo ndiye wa kumchunga!" Halafu unakipapasa kigoda, kile ulichovuka nacho ziwa toka Fizi ndani ya gunia la unga, watu wakikucheka kwamba wenzako wamebeba sufuria.

Bon, sawa. Neno lako nililishika. Labda nililishika kupita kiasi.

Siku ya kuondoa matanga yako, asubuhi kigoda kilikuwepo. Jioni hakipo. Kulikuwa na mzungu mmoja, mnunuzi wa vitu vya kale, aliyeletwa na jirani kutoa pole. Macho yake hayakubanduka kwenye kile kigoda. Na mdogo wangu Asukulu aliondoka bila kuaga vizuri. Nikampigia. "Dada, niko kazini." Kesho yake: "Dada, simu inazima." Mke wake ndiye aliyeropoka, bila kujua, kwamba mumewe alifika nyumbani Hilliard, pale Columbus, jioni ya siku ya pili. Papa, kampuni yangu ya usafi nimeijenga kwa kupiga hesabu ya mafuta na barabara. Toka hapa mpaka Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu. Siku iliyobaki aliitumia wapi?

Nikaingia garini mpaka Hilliard. Nilimpekua Asukulu mpaka chini ya vitanda, watoto wake wakinicheka kwa Kiingereza. Mwisho akalipuka: "Nimekipeleka Buffalo kwa Shangazi! Nilikusikia unamuuliza yule mtu bei!"

Bei niliuliza, ndiyo. Nitalindaje kitu nisichojua thamani yake? Donc, kumbe wakati mimi namuona yeye ndiye ofisa wa filamu, yeye ananiona mimi. Na sote tulikuwa tumekulilia wewe... basi, niache hapo.

Nikaendelea mpaka Cheektowaga, pale Buffalo kwa Shangazi. Dada yako alikuwa jikoni, anachambua majani ya muhogo ya kupika sombe, amekalia kigoda. Nilimwinua, nikakigeuza juu chini, nikatafuta alama ya moto wa kule kambini Kigoma, maana siku hizi watu wanachonga vya bandia. Alama ipo.

"Hata hujaniamkia," akasema, "unakagua kama askari wa mpakani."

Nikamwambia nimekuja kukichukua. Akakikalia tena. "Kwetu cha marehemu kinatolewa na dada yake, mbele ya watoto wake wote. Mdogo wako yuko wapi?" Eti na Asukulu alimwambia hivyo hivyo: hapa amekiweka tu, hakichukui mtu peke yake.

Njia nzima nilirudi na hasira. Mpaka leo najiuliza kama hawa wawili hawakupanga. Lakini nikuambie jambo moja, Papa, usikasirike: kwako kigoda kilikuwa kinapapaswa tu. Kwa Shangazi kinakaliwa. Kimeanza kung'aa upya.

Sasa pumzika, Papa. Mwezi ujao nitapita Hilliard, nimchukue Asukulu, twende Buffalo tukasimame wote wawili mbele ya Shangazi. Akikitoa, akitoe. Akikikalia, tutakula sombe turudi. Ni saa tano na zaidi ndani ya gari moja, mimi na yeye. Nakuahidi sitamhoji neno lolote mpaka tuipite Cleveland, karibu nusu ya njia.

Baada ya hapo, Papa, uniombee.

Binti yako,
Neema