Vigingi vya Melkizedeki

Jumatatu, 2 Machi 1970

Melki wangu,

Leo hakuna mgeni. Jana hakuna. Nimetandika vitanda vyote vinne hata hivyo. Ulikuwa ukisema kitanda kisichotandikwa hufukuza watu.

Basi la Dodoma lilishusha wazungu wawili wa misheni na mwalimu mmoja. Land Rover ya ile hoteli ya Shirika la umma ilikuwa imeshasimama stendi, mlango wazi. Hawakutazama hata kibao chetu cha nyumba ya wageni. Na mwalimu yule alilala kwetu mwaka juzi! Alikula kuku wangu akalamba vidole.

Jioni jirani yetu Sijaona kaleta mlenda. Tumekula huku tunamtukana Urbano wa hotelini kwa zamu. Sijaona anajua matusi mengi kuliko mimi. Mimi nilisoma kwa masista, hilo somo hawakutufundisha.

Jumatano, 4 Machi

Mkutano wa tawi la chama. Urbano kahutubia. Siku hizi ni Ndugu Meneja. Kasema hoteli ya Shirika ni mali ya umma, ni yetu sote, lakini wapo watu wachache bado wanakumbatia vijumba vya wageni vya binafsi. Hao ni kupe. Watu wote wakageuka kunitazama.

Sijaona akapaza sauti kutoka nyuma: “Kupe gani huyu anayekula mlenda mchana na usiku?”

Watu wakacheka. Urbano naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniuma. Ni kile kile cha jikoni kwangu, alipokuwa mpishi wetu na akichovya kidole kwenye mchuzi. Mlikula sahani moja, Melki. Wewe ndiye uliyemfundisha kumpokea mgeni mzigo kabla ya kumuuliza jina.

Simwombei kifo. Akifa watamsifu. Nataka aishi, aaibike mbele ya watu, na mimi niwepo.

Jumamosi, 7 Machi

Nina hasira. Nitaandika hivyo hivyo.

Maji ya ziwa yamepanda. Ndege wekundu, wale wanaotuletea wageni, wameuhama upande wa hoteli, wamekuja huku kwetu. Shirika wamewafuata! Leo nimeona wageni wao kwa macho yangu, mstari mmoja, wanapita kwenye vigingi vyako.

Vyako! Mwezi wa kumi na moja walipozungushia seng'enge ufuko mgumu wakasema ni wa hoteli, hukugombana. Ulisema, basi tutatafuta njia kwenye tope. Ukaitafuta kwa fimbo, kwenye mvua, unarudi na magadi mpaka kwenye nyusi. Kulia kwako tope, kushoto tope. Ng'ombe wa mzee Simeoni alizama pale. Tuliona pembe, kisha hatukuona pembe.

Na kila kigingi ukakifunga kitambaa. Gauni langu la kijani. Shuka la chumba cha pili. Mkono wa shati lako. Nilikulalamikia kuhusu gauni. Ukasema, “Felista, wageni watakuja wakifuata gauni lako.” Ulipofunga kitambaa cha mwisho, kichomi kilikuwa kimeshakuingia. Krismasi hukuiona.

Sasa wanafuata gauni langu kwenda kumtajirisha Urbano.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda hotelini. Nimevaa vizuri, nimeongea taratibu. Nimesema: njia ile aliitengeneza marehemu, mgeni anayepita pale basi walau alale kwetu usiku mmoja, au niwaongoze mimi.

Urbano kanikaribisha chai. Kasema, “Mama Martina, ziwa ni la taifa. Kigingi kilichomo ziwani ni cha taifa.” Kisha kaniambia nikitaka kazi, dobi anahitaji msaidizi. Nifue mashuka ya wageni wangu mwenyewe!

Nimeinuka. Chai sikuinywa. Akanisindikiza mpaka langoni, kanifungulia mlango, kwa adabu ile ile uliyomfundisha wewe. Afadhali angenisukuma.

Jumapili, 15 Machi

Kwaresima. Urbano kakaa benchi la mbele, suti ya kijivu. Tulipofika kwenye “kama tunavyowasamehe waliotukosea” nimefunga mdomo. Wengine wakaendelea, nikawakuta kwenye “usitutie”. Jumapili ya tatu hii naruka.

Sijaona kasikia sokoni: Jumapili ijayo wakubwa kutoka Dar es Salaam watakuja kuona ndege. Urbano kanunua mabuti mapya ya mpira. Atawaongoza mwenyewe.

Mabuti mapya. Nimeyafikiria mabuti hayo siku nzima.

Jumatano, 18 Machi

Nimefanya.

Nilikwenda alfajiri, sketi nimeifunga kiunoni. Kwanza nilitaka kuving'oa vyote nikavipikie. Lakini wangeona, wangeweka vingine. Nikafika kati, pale njia inapokata kona. Nikang'oa vitatu, nikavisogeza kushoto, hatua chache tu. Nilipochomeka fimbo pale iliingia yote, haikukutana na kitu.

Atatangulia yeye. Mwenye wageni hutangulia, ndiyo kazi yetu, hata yeye anaijua. Atazama mpaka kiunoni na mabuti yake, wakubwa wa Dar wakitazama. Atalia kama ndama. Watamvuta kwa kamba. Halafu watauliza: hivi mtu huyu ndiye meneja?

Nimerudi nikapika uji, nikaunywa wote. Tangu ukuzike sijamaliza bakuli. Nimeandika “ukuzike”! Tangu nikuzike. Ona nilivyo na furaha.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua tangu jana, haijakatika.

Ramadhan, dereva wa Shirika, kapita kunisalimu. “Shikamoo mama.” Kaniletea sukari kwenye karatasi, kasema isijulikane. Ndiye aliyechimba kaburi lako siku ile ya mvua, wenzake walipokimbilia kwenye miti. Nimempa uji. Anapenda utani, kijana huyu. Akasema Jumapili nimwombee, maana yeye mtu wa mjini, tope halimjui.

Nikamuuliza, tope la nini? Si meneja ndiye anayeongoza?

Akacheka mpaka uji ukampalia. “Meneja! Yule mabuti yake ni ya picha, mama. Atasimama ukingoni na mwavuli. Mimi ndiye ng'ombe wa mbele. Wanakuja na watoto wao, mmoja nitambeba mabegani.”

Nikasema, Ramadhan, usiende.

“Nisipokwenda nitakula nini? Vigingi si vipo? Mzee Melki hakuwa mtu wa mchezo.”

Akaondoka. Anakwenda Manyoni kuwapokea kwenye treni. Nilibaki na mwiko mkononi. Nilipaswa kumkimbilia. Niliona aibu, Melki. Ningeanzaje? Kijana kaniletea sukari!

Urbano kakaa jikoni kwetu miaka yote ile na hakujifunza hata hilo moja, kwamba mwenye wageni hutangulia. Na mimi nimepanga kisasi kizima kana kwamba alijifunza.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekwenda kuvirudisha vigingi vile vitatu. Mvua imeziba mashimo ya zamani. Kote ni sawasawa, kijivu, kama unga uliokandwa. Cha shuka nimekirudisha, nina hakika, fimbo iligonga pagumu. Cha mkono wa shati nadhani. Cha gauni langu sijui. Nimejaribu huku, nimejaribu kule. Mara moja nimezama mpaka juu ya goti, kandambili imebaki huko chini.

Nakumbuka wimbo uliokuwa ukipiga mluzi ukichomeka vile vigingi. Nakumbuka ulivyokuwa ukipangusa pua kwa kiwiko. Mahali pa kigingi sikumbuki! Sikuwahi kutazama chini, nilikuwa nakutazama wewe.

Nikataka kuving'oa vyote, njia ifungwe kabisa. Nikashika cha kwanza. Mkono umekataa. Nikiving'oa, kazi yako ya mwisho imekwisha, na Urbano atasema tu: piteni hapo hapo, nyayo si zinaonekana.

Nikaenda kwake hivyo hivyo na tope langu. Nikasema njia imeharibika, usipeleke watu. Akanitazama kuanzia miguuni.

“Mama Martina, huu ni wivu.”

Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme: ni mimi, nimevihamisha mimi. Aliposema wivu, ukafunga. Wewe unanijua. Akaongeza kwa upole kwamba anayeharibia Shirika kazi, hiyo inaitwa hujuma, na watu wanafungwa. Akasema hayo huku ananipa kitambaa nifute miguu, nisichafue sakafu ya umma.

Jioni Land Rover imepita, imejaa. Nimekwenda langoni kumwita Ramadhan. Mlinzi kasema wafanyakazi hawaitwi.

Jumapili, 22 Machi

Jumapili ya Matawi. Leo sitasali na wenzangu.

Mvua imekatika. Ndege wapo wengi, nawasikia kutoka hapa. Watakwenda ziwani asubuhi hii hii kabla jua halijawa kali.

Sijaona kaja kuchukua moto. Nimemwambia yote. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Hakunitukana. Kasema tu, “Sasa utafanyaje?” Nikasema nitatangulia mimi, mbele ya Ramadhan, na fimbo. Kasema nina wazimu. Kisha kanishonea haraka pindo la sketi lisinikwaze.

Fimbo ni yako. Kona ile nitaipita polepole. Kigingi cha gauni kikiwa mahali pake tutavuka. Kisipokuwepo, nitajua kabla ya yeyote. Ramadhan ana kamba ya gari.

Nisidanganye: Urbano sijamsamehe. Nimejaribu tangu nilipoamka, haiji. Nataka asimame pale na mwavuli wake aone wageni wake wananifuata mimi. Nitawaambia kwa sauti: njia hii ni ya Melkizedeki wa Mwankoko, na nguo hizi mnazozifuata ni zangu. Hata tope likinifika shingoni nitasema.

Land Rover imesimama ukingoni, naiona kutoka dirishani. Milango inafungwa. Kuna mtoto anacheka. Urbano anauliza kwa sauti kubwa, “Yule mama anatafuta nini pale?” Kumbe Sijaona kanitangulia, amesimama kwenye njia kawazuia!

Naenda. Melki, huko uliko, unikumbuke.