Sauti za Baba Ndani ya Diski

Kilole,
Korogwe, Tanga.
16 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Sufiani,

Marahaba. Nakuitikia kabisa kabla hujanipa shikamoo, maana nikingoja ya kwako itoke huko Mpanda nitazeeka. Hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Vumbi la hiyo barabara mnayojenga limekuachia, au bado unakohoa kama mzee? Na chakula je, au ndiyo ugali na dagaa mchana, dagaa na ugali jioni?

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba yu hai, anakula uji na mtori, na kila siku anatembea mpaka barabarani pale Kabuku kuangalia mabasi. Nimeanza na hilo makusudi, usije ukaruka mistari kutafuta habari ya msiba. Msiba haupo. Ila dada yako nimefanya jambo, kwa hiyo kaa kitako usome.

Najua utauliza barua ya nini wakati simu ipo. Nimeishika simu mara tatu wiki hii, na kila nikitaka kubonyeza jina lako naishia kuirudisha mezani. Halafu ndani ya bahasha kuna flashi, na mtandao wa huko kwenu unaujua mwenyewe. Usiichomeke mahali kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua wewe, huna subira hata ya chai kupoa.

Mwezi uliopita uliniuliza nitachagua diski gani kwa kompyuta uliyoniachia kwenye chumba cha gemu. Ile hadi diski yako, hicho kisanduku kinachotunza magemu, ilikuwa imechoka, Sufiani. Ukifungua gemu ya mpira inakoroma, mteja anatoka kununua muhogo kwa Mama Dorkasi, anarudi, anamaliza kula na kujifuta mikono, bado kile kiduara kinazunguka. Gerald, yule fundi wa karibu na stendi, akaniwekea mbili mezani. Moja hadi diski mpya ya tera moja, gemu zote zinaingia na nafasi inabaki. Ya pili SSD, diski ya kisasa yenye kasi, nyembamba kama kitambulisho, giga mia mbili hamsini na sita, ukiweka gemu kubwa tatu imejaa. Bei ni ile ile.

Nimehangaika siku tatu nzima. Nichukue kubwa niwe na gemu ishirini za kungojewa, au nichukue ndogo niwe na tatu zinazofunguka mtu hajakaa vizuri? Na leo Jumamosi kulikuwa na mashindano, vijana kumi na sita, nusu wa hapa Kilole na nusu wa Manundu, na wale wa Manundu midomo yao unaijua. Nikachagua SSD. Hapo sikukosea, nasema mpaka kesho. Jumatatu Gerald akaifunga, akahamishia gemu tatu, tukafungua ile ya mpira, nikapiga kigelegele peke yangu mle ndani.

Kosa lilikuja kwa neno moja.

Ile diski ya zamani Gerald alishaipatia mnunuzi, dada mmoja anaitwa Hilaria, ana chumba cha gemu Handeni mjini. Yeye anataka nafasi kubwa, kasi haimsumbui. Mimi nikakumbuka sauti za baba. Zile ulizomrekodi kabla hajapasuliwa koo, akiwa kwenye benchi nyuma yenu anatangaza mpira wa gemu kama yuko redioni, nusu Kiswahili nusu Kizigua, na badala ya kutaja wachezaji anawataja nyie. Zilikuwa humo humo katikati ya magemu, na kwingine kokote hazikuwepo. Baba hana sauti tena, Sufiani. Ile ndiyo iliyokuwa imebaki.

Basi nikamwambia Gerald, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Mle ndani mna sauti za baba. Zisafishe kwanza kabla hujampa mtu."

Umeshaelewa? Mimi ni mtu wa zamani kidogo. Sisi picha zilikuwa zinasafishwa. Unapeleka filamu studio, mpiga picha anakusafishia, unarudi Alhamisi unakabidhiwa picha zako mkononi. Nilitaka anitolee zile sauti, anitilie kwenye simu. Kwa Gerald, kijana wa kompyuta, kusafisha ni kufuta. Akadhani naona haya sauti ya mgonjwa wetu isije ikasikilizwa na watu baki, akaniheshimu. Akafuta diski nzima, ili awe na uhakika.

Jumanne asubuhi nikapita kwake. "Za baba umeshazisafisha?" Akasema, "Tayari dada, zamani." Nikanyoosha simu. "Haya, nitilie." Akanitazama. "Nikutilie nini?"

Wallahi! Nilikaa chini pale pale mlangoni kwake, kwenye makasha ya televisheni, na watu wanapita. Gerald alipoelewa alishika kichwa kwa mikono miwili, hakujua aniombe radhi au animwagie maji.

Halafu akasema kitu kilichoninyanyua. Akasema hadi diski ukiifuta vile alivyoifuta ni kama umechana orodha ya stoo: vitu vyenyewe viko ndani, mpaka mtu aweke vingine juu yake. Ingekuwa ni SSD imefutwa, mara nyingi yenyewe inamalizia kufagia, hupati hata herufi. Kumbe lile jikongwe linalokoroma ndilo lenye huruma! Lakini Hilaria alikuwa ameshaondoka nalo kwa basi la saa mbili, na amelinunulia nini kama si kulijaza magemu? Kila gemu atakayoweka inamkanyaga baba. Tukampigia, simu inaita tu haipokelewi. Tukapiga tena. Nikakimbilia stendi na kandambili za nyumbani.

Ile njia ya Handeni sikuwahi kuiona ndefu vile. Pale Sindeni dereva akasimama kupakia magunia, na mwenye magunia anabishana nauli taratibu kabisa. Nilimfokea, mtu mzima nafokea watu nisiowajua. Bibi mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Una mgonjwa, mwanangu?" Nikamjibu ndiyo.

Nilimkuta Hilaria mbele ya kompyuta, na kwenye kioo mstari wa kijani umefika asilimia ishirini na mbili. Sikusalimia. Nimelelewa na mama yule yule aliyekulea wewe, lakini sikusalimia. Niliinama nikang'oa waya ukutani.

"Wewe mama, una wazimu?" Alisimama, Sufiani, na ni mwanamke mrefu. Nikamweleza huku nahema, baba, koo, sauti, kusafisha, diski mpya niliyofunga, sijui hata alielewa nini. Nikamwambia hela yake namrudishia yote na nauli juu. Akakataa. Kainunua mchana kweupe mbele ya watu, na wateja wake wanakuja saa tisa. "Hela haichezwi gemu," akasema. "Niletee hiyo mpya yako, uchukue mzigo wako."

Nilijua anachoniomba. Ile SSD ndiyo mashindano yangu, ndiyo chumba chenyewe. Nikitoa hiyo, hii ya zamani siwezi kuitumia maana haitakiwi kuandikwa kitu, nabaki na kompyuta tupu na vijana kumi na sita mlangoni. Nilitaka kulia, lakini hasira zikatangulia. Nikampigia Gerald nikamwambia ing'oe, mpe kondakta wa basi la kwanza.

Nikakaa sakafuni, mgongo umeziba soketi, ili mtu asije akachomeka. Nimekaa hivyo mpaka saa tisa na nusu. Baadaye Hilaria aliniletea chai bila kunitazama usoni, nikainywa. Mzigo ulipofika akaipima ile SSD, akaona inavyofungua, akacheka kidogo. Alipokuwa ananifungia diski yetu kwenye gazeti akasema, "Mimi wangu alifariki, sikuwahi kumrekodi hata mara moja." Hapo ndipo nilipomsamehe, na nadhani na yeye alinisamehe.

Gerald alihangaika nayo siku mbili, na malipo hakutaka. Sauti zilikuwa kumi na nne. Zimerudi tano. Tisa zimekwenda, Sufiani, na zimekwenda kwa mdomo wangu mimi. Unikasirikie ukitaka, una haki. Vijana wa Manundu wameshanitukana kwa mashindano, mmoja zaidi haidhuru. Leo chumba kimefungwa.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nikaenda Kabuku kumwambia baba mwenyewe. Sikutaka alisikie kwa mtu. Nilimkuta uani kwenye kiti chake, mama anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikasema yote. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, usoni huoni kitu, unamjua. Kisha akanionyesha simu kwa kidole: haya, weka.

Nne zilikuwa nzima. Alizisikiliza kichwa ameinamisha, na mimi namtazama mikono tu, maana uso nilishindwa. Ya tano Gerald alinionya kuwa ni nusu. Ni ile unayocheza wewe na Jabiri wa binamu Mustafa. Baba anatangaza, sauti inapanda: "Sufiani huyo, anampita mmoja, anampita wa pili, wameachwa, yuko yeye na kipa, anapiga..." Ikakatika. Kuku tu uani.

Nikataka kuomba radhi tena. Nikamwona baba amenyanyua kichwa, mikono yote miwili juu, mdomo umefunguka wote. Analitangaza goli. Mshipa wa shingo umesimama, anamalizia kabisa, na haitoki hata pumzi ya kusikika. Mimi nikaziba uso na kanga.

Ni mama aliyepiga ukelele. Mama yetu, ambaye hajui hata timu ni watu wangapi, alitupa ungo wa maharage akasimama: "Goooli! Goli la Sufiani!" Majirani walichungulia uani kujua kuna nini. Baba akamgeukia akawa anamtingishia kichwa, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo, na machozi yanamtoka. Tangu hospitali hajalia mbele yetu. Maharage tuliyaokota mpaka magharibi.

Sasa nimenakili zote tano mahali pengi: kwa Gerald, kwenye simu yangu, na hiyo flashi ni yako. Na ukiuliza tena diski gani, nikipata uwezo nachukua SSD ile ile kwa magemu, maana gemu likipotea unalipakua upya. Ya zamani iko kabatini ndani ya kanga ya mama, na haimtumikii mtu tena.

Shangazi Maryamu anakusalimu sana, anauliza lini unaoa. Binti yangu Hajira anasema umletee asali ya Katavi. Jabiri naye anakusalimu. Wasalimie wenzako kambini, hasa Matayo aliyekuuguza. Mola akulinde na mitambo hiyo mikubwa, akurudishe kwetu na viungo vyako vyote.

Nina swali moja tu, na unijibu mimi peke yangu. Lile shuti liliingia kweli? Jabiri anaapa kuwa uligonga mwamba. Kama ndivyo, nakuomba kwa jina la Mungu, usije ukawaambia baba na mama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye mdomo ulionikosesha,
Mwanaisha