Jina la Baba Kwenye Fomu ya Mionzi

Baba,

Ni mara ya kwanza kuliandika neno hili nikikukusudia wewe. Kule Kalinzi nilikuita Mzee, kama watu wengine, na wewe ukaitika kama kibarua yeyote wa kahawa.

Nina hasira na wewe. Nilidhani ukishazikwa itaisha, kumbe ndiyo kwanza inapanda.

Ulinitoa kambi ya wakimbizi nikiwa na miaka tisa kwa sababu cheti cha shule ya kambini, ulisema, hakimfikishi mtu popote. Ukanikabidhi kwa Bibi wa Kalinzi, mjane aliyekupa kibarua, naye akaniandikisha shule kama mjukuu wake, mtoto wa mwanawe aliyekwishafariki. Kiha cha huko na Kirundi chetu ni majirani, mwaka mmoja tu nikawa Muha mtupu. Kila msimu ulikuja kuchuma kahawa ili unione. Unakumbuka nilipokuletea uji shambani, ukakwepa kunitazama ukajimwagia? Bibi akasema mbele ya vibarua wenzako, "Mzee huyu anaogopa mtoto wa shule!" Ukacheka na wewe. Mimi nilikwenda kulia chooni.

"Soma hesabu na fizikia," uliniambia kwa kunong'ona. "Namba haimuulizi mtu katokea wapi."

Nikakuamini. Nikaisoma fizikia mpaka chuo kikuu, wasichana wanne kati ya wavulana tele. Uliponiuliza inampa mtu kazi gani, nilikutajia ualimu, hali ya hewa, umeme, migodi, na kupima mionzi wanayotibiwa nayo wagonjwa wa saratani. Ukanichagulia hiyo ya mwisho, kwa ajili ya Mama, aliyekufa na uvimbe wake kambini bila kuona mashine yoyote.

Basi nimeipata, Baba. Hospitali imeniita. Ila anayekabidhiwa mionzi huchunguzwa kweli kweli: baba ni nani, babu ni nani, walizaliwa kijiji gani. Namba zako zimeniuliza, tena kwa kunikazia macho. Fomu ya maswali hayo ilikaa mezani kwangu hapa Ujiji siku nne, na siku ya tano nikaletewa habari kwamba umefariki.

Getini kambini waliniuliza wewe ni nani wangu. Nikasema tulifahamiana tu mashambani. Pale kaburini walipoita watoto wa marehemu watangulie kutia udongo, hakusogea mtu. Mchungaji akasikitika kwamba ndugu yetu hakuacha mtoto. Nikaitikia amina. Mimi! Nilitia udongo na majirani, wa tisa au wa kumi, halafu nikanawa mikono kama wao.

Hivi ulijua tungefika hapo? Ulijua, ukakubali?

Jana nilipanda Kalinzi kumuuliza Bibi, maana uongo ule ni wake pia. Nikisema kweli, kazi inaweza kuniponyoka, na yeye anaweza kuitwa kituoni. Hakuacha hata kupeta maharage yake. "Andika, mwanangu. Mie nishazeeka, watanifunga hata lini?" Kisha akaniuliza kama ulizikwa na shuka zuri. Nikamwambia ndiyo.

Nimeandika. Jina lako lote, kijiji chako cha ng'ambo ya mpaka, na kwamba mimi nilizaliwa kambini. Kesho naipeleka fomu. Huenda wakaninyima kazi, huenda wakauliza hata digrii hii niliipata nikiwa nani. Naogopa, Baba. Naogopa sana. Miaka yote ile juu ya vitabu, na inaweza kuishia kwenye mstari mmoja.

Pumzika sasa. Sijakusamehe, na sitakudanganya kwa hilo, tumedanganya watu vya kutosha. Ila nakuahidi kitu kimoja: mtoto nitakayemzaa nitamfundisha kukutaja, Babu fulani wa mahali fulani, mbele za watu, kwa sauti.

Mwanao,
Kezakimana